Jaji hatakupa kibali: dhana potofu kuhusu mahakama na serikali

Mteja akinyimwa kibali na wizara, huja na faili lake na sentensi ile ile: “Wakili, twende mahakamani, jaji atanipa haki yangu.” Kwake haki ni kibali chenyewe, kimeshagongwa mhuri. Nimeisikia mno sentensi hiyo, na inaniuma kwa sababu inawamalizia watu fedha na muda, kisha wanaishia kuichukia mahakama kwa kutofanya kazi ambayo haikupewa.

Dhana: Mahakama ikiona uamuzi wa serikali ni mbaya, inaufuta na kuweka ulio bora.

Hiyo ni kazi ya rufaa, tena pale tu sheria inapotoa haki ya rufaa. Katika mapitio ya mahakama, yaani shauri la kukagua kama uamuzi wa serikali ulifanywa kihalali, jaji ana maswali mengine kabisa. Je, ofisa alikuwa na mamlaka hayo kisheria? Alifuata utaratibu? Alikupa nafasi ya kusikilizwa? Alizingatia yale anayopaswa kuyazingatia na kuyaacha yasiyohusika? Je, uamuzi wenyewe ni wa ajabu kiasi kwamba hakuna mwenye mamlaka mwenye busara angeufikia? Majibu yakiridhisha, uamuzi unabaki, hata kama jaji mwenyewe angeamua vingine. Bunge lilimkabidhi waziri kazi ya kuamua, na waziri huulizwa bungeni kuhusu alichoamua. Jaji hana mpiga kura wa kumuuliza, ndiyo maana hakalii kiti cha waziri.

Mwaka 1947 kampuni moja ya sinema iliishtaki halmashauri ya Wednesbury, Uingereza. Halmashauri iliiruhusu kufungua ukumbi Jumapili kwa sharti kwamba watoto walio chini ya miaka 15 wasiingie, hata wakifuatana na mtu mzima. Kampuni ikasema sharti hilo halina maana. Mahakama ya Rufaa ikajibu kwamba sharti liko ndani ya uwezo wa halmashauri, na kama ni zuri au baya halikuwa jambo la majaji kuamua. Kampuni ikashindwa. Hadi leo mawakili wa nchi nyingi wanaitaja kesi hiyo.

Lakini kesi ninayopenda wateja wangu waielewe ni ya Padfield, ya 1968. Wafugaji wa kusini-mashariki mwa Uingereza walilalamika kuhusu bei waliyolipwa kwa maziwa yao, wakamwomba waziri wa kilimo apeleke malalamiko kwa kamati ya uchunguzi iliyowekwa na sheria. Akakataa. Wakaenda hadi mahakama ya juu kabisa na wakashinda: waziri aliamriwa alifikirie upya ombi lao kwa kufuata sheria, si kwa sababu zake za kisiasa. Malalamiko yakapelekwa kwa kamati, kamati ikakubaliana na wafugaji, na waziri bado akakataa kutekeleza mapendekezo yake. Walishinda kesi, bei ikabaki vile vile.

Kwa hiyo ukishinda, kwa kawaida unapata amri ya kubatilisha uamuzi na faili linarudi kwa ofisa yule yule, aamue tena kwa njia halali. Anaweza kukunyima mara ya pili kwa sababu halali. Jaji huamuru kitu kitolewe pale sheria yenyewe inapomlazimisha ofisa kukitoa mwombaji akishatimiza masharti, na hali hiyo ni nadra kuliko wateja wanavyodhani.

Ushauri wangu huwa mmoja, nami naurudia hadi watu wanachoka: siku unayonyimwa, andika barua kuomba sababu kwa maandishi, na utunze nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kesi hizi hujengwa juu ya sababu za ofisa. Ofisa aliyeandika kwamba amekunyima kwa kuwa “utaratibu hauruhusu”, wakati hakuna utaratibu kama huo, amekupa nusu ya kesi. Na usikae. Uingereza shauri la namna hii hufunguliwa haraka, na kwa kawaida lisipite miezi 3. Wapo wanaokuja mwaka umeisha, wakiwa na malalamiko ya kweli kabisa, na sina la kuwafanyia.

Dhana: Mahakama ya juu inaweza kufuta sheria yoyote ya Bunge.

Inategemea nchi. India mwaka 1973 majaji 13 waligawanyika 7 kwa 6, wakaamua kwamba Bunge haliwezi hata kubadilisha katiba kwa kuvunja msingi wake. Uingereza, chini ya Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, mahakama hutamka tu kwamba sheria ya Bunge inapingana na haki hizo. Sheria inaendelea kutumika hadi Bunge lenyewe liirekebishe.

Dhana: Waziri mkuu amechaguliwa na wananchi, akiondoka lazima uchaguzi.

Wananchi huchagua wabunge. Waziri mkuu hukaa maadamu wabunge wanamuunga mkono. Ujerumani, Oktoba 1982, Bunge lilimwondoa Helmut Schmidt na kumweka Helmut Kohl kwa kura moja hiyo hiyo. Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka 2022 bila uchaguzi mkuu hata mmoja.

Dhana: Mbunge wangu atazungumza na jaji.

Hapana, na tafadhali usimwombe. Mbunge anaweza kumuuliza waziri swali au kupeleka hoja ya kubadilisha sheria. Shauri likishakuwa mahakamani, hata Bunge lenyewe hujizuia kulijadili.

Dhana: Serikali ikipuuza amri ya mahakama, hakuna la kufanya.

Mwaka 1991 mwalimu kutoka Zaire aliyeomba hifadhi Uingereza alisafirishwa kurudishwa kwao kesi yake ikiwa bado mbele ya jaji. Jaji akaamuru arejeshwe. Waziri wa mambo ya ndani akafuta mipango ya kumrejesha. Mwaka 1993 mahakama ya juu ikathibitisha kwamba waziri, kwa cheo chake, alidharau mahakama. Basi ofisi ikikaa kimya juu ya amri uliyoipata, usiianzishie kesi mpya. Rudi kwa jaji yule yule, ukiwa na amri yako na hati ya kiapo inayoonyesha siku ofisi ilipokabidhiwa amri hiyo na nani aliyeipokea.