Queen na Kazi Yao ya Studio: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Kwa hiyo tunayo haki ya kumwita mtoto wa nyumbani, na wengi wetu tunamwita hivyo kwa fahari. Ila fahari hiyo imetufikisha mahali ambapo, tukisema Queen, bendi ya roki ya Uingereza aliyoiimbia, tunamaanisha yeye tu. Wale watatu wengine, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma na John Deacon wa besi, tunawachukulia kama wapigaji wa kukodi. Nyimbo zenyewe zinasema vingine, na mtu akizisikiliza kwa makini anagundua hata Freddie mwenyewe tumempa sifa zisizo zake tukamnyima zilizo zake.

"Freddie ndiye aliyetunga nyimbo zote"

Alitunga nyingi, tena zile nzito: Killer Queen, Bohemian Rhapsody, Somebody to Love, We Are the Champions. Lakini We Will Rock You ni ya Brian. Radio Ga Ga na A Kind of Magic zilianzia kwa Roger. John Deacon, yule mkimya ambaye wengi hata sura yake hawaikumbuki, ndiye aliyeandika You're My Best Friend, Another One Bites the Dust na I Want to Break Free. Huu wa mwisho husikilizwa kila siku kama ungamo la Freddie kuhusu maisha yake ya siri. Maneno ni ya John. Freddie aliyaimba kwa moyo wote mpaka yakaonekana yake, na hicho ni kipaji cha mwimbaji.

Kuna kinachochangia mkanganyiko huu. Kuanzia albamu ya The Miracle ya 1989 walikubaliana kila wimbo uandikwe jina la Queen, bila kutaja mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana The Show Must Go On hudhaniwa ni wasia alioutunga Freddie, ilhali sehemu kubwa ya wimbo ule ilitoka kwa Brian.

"Kwenye Bohemian Rhapsody walileta kwaya"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, hasa kwa watu wanaoimba kwaya za kanisani, maana wao masikio yao yanajua uzito wa sauti nyingi. Hakukuwa na kwaya. Kulikuwa na watu watatu wamesimama mbele ya maikrofoni: Freddie akishika sauti za kati, Brian za chini, Roger za juu. Wanaimba sehemu moja, wanairudia juu ya ile ya kwanza, wanairudia tena. Kisha sauti zilizorekodiwa zinaunganishwa ziwe moja, nafasi inapatikana kwenye kanda yenye njia 24, yaani nafasi 24 za kurekodi sauti tofauti, wanaanza upya. Kazi ya wimbo ilianza studio ya Rockfield huko Wales mwezi Agosti 1975, chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker, ikahamia studio nyingine kadhaa. Sehemu ile ya kiopera, yaani ya katikati inayoimbwa kama tamthilia ya muziki, peke yake ilichukua kama wiki tatu. Wenyewe wamesimulia kwamba kanda ilipita kwenye mashine mara nyingi hadi unga wake wa sumaku ukalika, ukiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Na ile sauti ya juu kupita zote, inayofunga sehemu ya kiopera kabla gitaa halijalipuka? Watu wako tayari kuapa kwamba ni ya Freddie. Ni ya Roger Taylor, mpiga ngoma. Kwa upande mwingine, mwanzo wa wimbo, ambapo video inaonyesha nyuso nne gizani zikiimba pamoja, ni Freddie mtupu aliyejirekodi mara kadhaa. John Deacon anaonekana akifungua mdomo, lakini kwenye rekodi hakuimba. Nalo pigo zito la gitaa baada ya opera alilitunga Freddie kwenye piano, Brian akatafuta namna ya kulipiga kwa gitaa, jambo ambalo mwenyewe amesema halikuwa rahisi kwa vidole vya mpiga gitaa.

Hapo katikati kuna "Bismillah", na baadhi ya Waswahili wameichukua kuwa ushahidi kwamba Freddie alikuwa Mwislamu. Familia ya Bulsara walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa karani wa fedha wa serikali ya kikoloni pale Unguja. Neno lile mtoto wa Mji Mkongwe hahitaji kusilimu ili alijue.

"Zile sauti za ajabu ni za sintesaiza"

Majalada ya albamu zao za mwanzo yalikuwa na tangazo la wazi kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti chenyewe. Waliliandika kwa sababu walichoka kuona jasho lao likidhaniwa ni la mashine. Sintesaiza haikuingia hadi albamu ya The Game, 1980.

Kilichokuwa kinasikika ni gitaa la Brian May. Alianza kulitengeneza 1963 akiwa kijana, yeye na baba yake Harold, nyumbani, kwa sababu gitaa la dukani lilikuwa ghali. Shingo ilichongwa kutokana na ubao wa meko ya zamani. Springi zilitoka kwenye vali za pikipiki. Vidoti vya kuonyesha nafasi za vidole ni vifungo vya lulu vya mama yake, na ncha ya mkono wa kutikisa nyuzi ilikuwa ncha ya sindano ya kufumia. Badala ya kipande laini cha plastiki, anacharaza nyuzi kwa sarafu ya zamani ya peni sita ya Kiingereza. Gitaa hilohilo ndilo lililopigwa kwenye karibu rekodi zao zote.

John naye, aliyekuwa amesomea elektroniki chuoni, aliokota kibao cha saketi kwenye pipa la takataka la mtaani, akakifunga ndani ya boksi la spika dogo la rafu ya vitabu, kikawa amplifaya, yaani kikuza sauti cha gitaa, inayotumia betri. Brian aliitumia kwa miaka mingi. Sikiliza Good Company ya 1975: bendi nzima ya jazi unayoisikia mle, klarineti, trombone, tarumbeta, yote ni gitaa lililopigwa noti moja moja kupitia amplifaya ile ya kuokotwa. Sijui kama kuna rekodi nyingine ya pop ya miaka ile inayonistaajabisha kama hii.

Halafu sintesaiza ilipofika kweli, masikio yakakosea upande wa pili. Kwenye I Want to Break Free, 1984, watu husifu solo ya gitaa ya Brian. Si gitaa. Ni sintesaiza, na aliyeipiga ni Fred Mandel, mwanamuziki aliyealikwa.

Another One Bites the Dust nayo hudhaniwa ni mashine ya ngoma. Ni ngoma za Roger zilizofunikwa ili zisivume, kisha kipande kifupi cha kanda kikazungushwa. John alipiga besi, gitaa la mdundo na piano, na baadhi ya milio ile ya kutisha ni piano na matoazi yaliyochezeshwa kinyumenyume.

"We Will Rock You ni ngoma na umati wa uwanjani"

Hakuna ngoma, hakuna uwanja. Ni miguu na makofi ya watu wachache, 1977, katika studio ya Wessex jijini London, jengo lililokuwa la kanisa. Walipigisha miguu juu ya mbao, wakarudia tena na tena. Brian, aliyesomea fizikia, akazipa sauti hizo ucheleweshaji wa vipimo mbalimbali, kana kwamba kila kundi limesimama umbali wake. Mwangwi wa kawaida ungerudi kwa mpangilio na sikio lingeutambua. Vipimo vile havikulingana, ndiyo maana tunausikia umati.

"Freddie alikuwa na oktava nne"

Mwaka 2016 watafiti wa Austria, Ucheki na Uswidi walichapisha uchunguzi wa rekodi na mahojiano yake. Walichopata ni upana wa nusu-toni 37, yaani oktava tatu na kidogo, maana oktava moja ni nusu-toni 12. Madai ya oktava nne hawakuweza kuyathibitisha. Kilichowashangaza kilikuwa kingine: kwa sauti ya kuzungumza alikuwa baritoni, sauti ya kiume ya kati, wakati sisi tunamjua kwa kuimba tenori, sauti ya kiume ya juu. Mtetemo wa sauti yake ulikuwa wa kasi kuliko wa waimbaji wengi, takriban mara 7 kwa sekunde, na haukutulia. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko hesabu ya oktava.

"Live Aid iliwakuta wameshavunjika"

Live Aid ni tamasha la hisani la 1985, na filamu ya 2018 kuhusu bendi hii, Bohemian Rhapsody, ndiyo iliyopanda mbegu hii. Queen hawakuwa wamevunjika. Walitoa albamu ya The Works mwaka 1984, wakazunguka nayo duniani, na ziara ikaishia Japani Mei 1985, miezi miwili kabla ya Live Aid, iliyofanyika uwanja wa Wembley, London, Julai 13. Freddie pia hakuwaambia wenzake habari ya ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya siku ile. Waliokuwa karibu naye husema vipimo vilivyougundua vilifanyika mwaka 1987. Na sauti unayoisikia kwenye filamu ni mchanganyiko: rekodi za Freddie mwenyewe, Marc Martel wa Kanada, na kidogo ya mwigizaji Rami Malek.

Jukwaani, ile opera ya Bohemian Rhapsody hawakuwahi kujifanya wanaiimba. Waliondoka, taa zikawaka, kanda ikacheza, wakarudi kwenye pigo la gitaa. Wembley waliiruka kabisa: Freddie alipiga piano na kuimba sehemu ya kwanza, kisha wakaingia Radio Ga Ga. Walikuwa na kama dakika 20, na walikuwa wamezifanyia mazoezi kwa saa mkononi katika ukumbi wa Shaw Theatre jijini London.