Biashara ya maua haikuanza na ndege

Anayeona malori ya waridi yakitoka Naivasha kuelekea uwanja wa ndege ni rahisi aamini kwamba kuuza maua mbali ni jambo la juzi, na kwamba zamani kila mji ulitosheka na bustani zake. Si kweli. Kufikia miaka ya 1890, maua ya Nice, kusini mwa Ufaransa, yalikuwa yakienda Paris na London kwa treni. Maua ya narsisi ya visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, yalivushwa kwa meli hadi bandari ya Penzance, yakapakiwa kwenye mabehewa, yakauzwa katika soko la Covent Garden, London. Marekani, kitovu kimoja kikubwa kilikuwa Chicago. Mabanda ya vioo yaliyopashwa joto kwa makaa ya mawe yalitoa waridi na karanesheni katikati ya theluji, nayo maboksi yakasafirishwa kwa reli hadi miji mingine. Tangu 1885 biashara hiyo ilikuwa na gazeti lake hapohapo mjini, American Florist.

Wengine hudhani maua yakinyauka, hasara ilikuwa ya muuzaji wa jumla. Mara nyingi ilikuwa ya mkulima. Mzigo ulikwenda kwa dalali kwa mali kauli: anauza, anakata kamisheni yake, kinachobaki ndicho anachomtumia mwenye shamba. Bei ikianguka, au joto likiharibu maua njiani, dalali hakutoa chake mfukoni. Huko Aalsmeer, Uholanzi, wakulima walichoka kutegemea watu wa kati, wakaanzisha minada yao wenyewe mwaka 1911 na 1912. Naona uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko mbegu yoyote mpya ya waridi.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii ya kwamba fundi wa mashada wa zamani alihitaji maua, maji na kipaji tu. Nyuma ya duka lake kulikuwa na stoo nzima. Sponji ya kijani tunayochomekea maua leo ilitengenezwa na Vernon Smithers huko Ohio, ikaingia sokoni mwaka 1954. Kabla ya hapo, fundi alichukua fremu ya waya yenye umbo la msalaba, nanga, moyo, au malango ya mbinguni yaliyoachwa wazi, akaijaza mosi mbichi, ule mmea laini wa kinamasi unaoshika maji. Ua lenye kikonyo kifupi lilifungwa kwa waya kwenye kijiti, kisha likachomekwa humo, moja baada ya jingine, mpaka fremu yote ifunikwe. Shada moja la msiba lingeweza kula mamia ya maua na saa nyingi za kazi.

Kampuni ya H. Bayersdorfer ya Philadelphia iliuza vikapu, riboni, karatasi za bati, miganda ya ngano na majani yaliyokaushwa ya saikasi, mmea unaofanana na mtende. Katika bidhaa za wauza vifaa wa enzi hiyo walikuwemo hata njiwa weupe waliokaushwa, wa kuwekwa juu ya shada. Majani ya galaksi, mmea mdogo wa msituni, hayakulimwa: familia za milimani North Carolina ziliyachuma porini. Baridi huyageuza rangi kuwa ya shaba, nayo hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo yalifaa sana kwa mashada.

Kuna pia wanaoamini kwamba maua ya kuagiza kwa telegramu yalisafirishwa. Kilichosafiri ni ujumbe. Chama kilichoundwa Marekani mwaka 1910, Florists' Telegraph Delivery, kiliwezesha duka la mji mmoja kupokea fedha, na duka la mji mwingine kutengeneza shada kwa maua yake na kulipeleka.

Na Siku ya Mama? Haikubuniwa na wauza maua. Anna Jarvis aliianzisha mwaka 1908, akapeleka karanesheni nyeupe 500 katika kanisa la Grafton, West Virginia, kwa kuwa mama yake aliyapenda maua hayo. Baadaye aliwapinga wauza maua hadharani kwa miaka mingi kwa kuigeuza siku hiyo biashara. Wao, karanesheni nyeupe zilipoadimika na bei kupanda, walieneza desturi ya kuvaa ua jeupe kwa mama aliyefariki na jekundu au la rangi ya waridi kwa mama aliye hai, na hapo hata maua ya rangi nyingine yakapata wanunuzi.