Kufitiwa baiskeli ni nini hasa, na fita wa kweli utamjuaje

Mtu akikwambia "mimi baiskeli yangu nshafitiwa", muulize, ulipimwa wewe ama ilipimwa baiskeli? Manake hapa Malindi hayo mambo mawili tunayachanganya sana. Unaingia dukani, unasimama fremu iko katikati ya miguu, muuzaji anatazama anasema hii 54 yakutosha, unalipa unaondoka. Hapo hujafitiwa, umechagua saizi tu, kama vile kuambiwa kiatu chako ni namba 42. Kufitiwa kwenyewe ndo kunaanza baada ya hapo, na wengi huwa hawafiki.

Kwa ufupi, mwendesha baiskeli ya resi anagusana na baiskeli yake sehemu tano: viganja viwili, nyayo mbili na makalio. Kazi ya fita, yule mtu anayekufiti, ni kuzipanga hizo sehemu tano zikae pale mwili wako unapoweza kustahimili kwa masaa, bila kuumia na bila kupoteza nguvu. Anagusa kimo cha kiti, kiti kiende mbele ama nyuma, pua ya kiti ielekee wapi, usukani uwe mbali kiasi gani na chini kiasi gani, upana wake, vishikio vya breki vikae wapi, mpaka kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedeli, tunachokiita kliti. Na shida yake ni kwamba vyote vimefungana. Ukipandisha kiti sentimita moja usidhani umegusa kiti peke yake, usukani nao umekuwa chini zaidi kwako, kiuno kinakunjwa zaidi, mikono inabeba zaidi. Ndo maana yule jamaa anayekuja na alenki mfukoni akakuinulia kiti mkiwa barabarani mnasubiri wenzenu, nia yake ni nzuri lakini hajakufiti.

Binamu yangu alinunua baiskeli nzuri sana kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Fremu nyepesi, gia hazina kelele, bei ya kirafiki. Tukawa tunatoka Jumapili baada ya alfajiri kabla jua halijakasirika, tunashuka Gede mpaka Watamu tunarudi. Basi kila tukikaribia Gede namuona anaachia usukani mkono wa kushoto anaukung'uta, anakung'uta, kama mtu aliyeumwa na nyigu. Namuuliza vipi, anasema vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Akanunua glovu nene. Ganzi. Akafunga usukani utepe mpya wenye sponji ndani. Ganzi bado, tena sasa na mabega.

Kumbe mkono haukuwa na kosa lolote. Siku fita alipomuweka kwenye baiskeli akamtazama kwa ubavu, pua ya kiti ilikuwa imeinama chini, na yule Mtaliano alikuwa mtu wa mikono mirefu, kishingo cha usukani wake, ile stemu, kilikuwa kirefu ajabu. Kwa hiyo binamu kila akipiga pedeli anateleza mbele kidogo kidogo, na ili asianguke anajisukuma nyuma kwa viganja, kilomita nzima, kilomita zote. Mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha mwisho na cha pete unapita pale pembeni mwa kitako cha kiganja, ukiukandamiza saa nzima utalala tu. Akanyoosha kiti, akabadilisha stemu ya milimita 120 akaweka ya 100. Ganzi ikaisha. Glovu ziko kabatini mpaka leo.

Hii ndo maana yenyewe ya kufitiwa kama unataka kuishika kwa mfano mmoja: pale panapouma mara nyingi sipo palipoharibika.

Goti nalo ni hivyo hivyo. Likiuma mbele, pale kwenye pia ya goti, mara nyingi kiti kiko chini sana ama kimesogea mbele sana, goti linakunjwa kupita kiasi. Likiuma nyuma, kwenye mishipa ile ya nyuma, angalia kama kiti kiko juu, na dalili nyingine ni mwenzako akiwa nyuma yako akaona kiuno chako kinacheza kulia kushoto kama kinatafuta pedeli. Likiuma kwa pembeni, kliti zimekaa vibaya, zinalazimisha unyayo uelekee pasipo pake. Nasema mara nyingi, sisemi kila mara, na goti lililovimba halihitaji fita linahitaji daktari.

Sasa kuna jambo letu sisi wa pwani ambalo sijaona watu wakilizungumza. Huku kwetu barabara ni tambarare. Mtu wa kule kwenye milima anapanda, anasimama kwenye pedeli, anateremka, anainama, mwili unabadilisha mkao kila dakika. Wewe ukitoka Malindi kushuka Watamu hakuna cha kukusimamisha, unakaa mkao mmoja ule ule saa nzima, makalio pale pale, viganja pale pale. Kosa la milimita tano ambalo mlimani lingejificha, huku linakutafuna. Halafu ongeza upepo. Kusi likivuma, tuseme Juni Julai, ukielekea Watamu linakupiga usoni, na vijana wanachofanya ni kushusha usukani mpaka mwisho wapate kujificha. Wanakimbia vizuri kama nusu saa, baadaye mgongo unakataa, wanainuka, wanashika usukani juu kabisa, wanaula upepo wote kifua kizima. Usukani ungekuwa juu kidogo tu toka mwanzo ukaweza kuinama masaa mawili ungefika mapema zaidi. Na joto: miguu inavimba kwenye joto, kiatu kilichokutosha vizuri kwenye chumba chenye eisii kinakubana saa nne asubuhi pale Sabaki. Kwa hiyo fita wako akiwa wa mbali mwambie unaendesha wapi. Asipouliza mwambie mwenyewe. Na kama hata ukimwambia haoni kinamhusu nini, hapo ushapata jibu lako.

Kabla hujatoa pesa kuna vitu unaweza kujaribu nyumbani. Vua viatu, simama mgongo kwenye ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja ukibane juu kabisa kama vile umekikalia, mtu akuwekee alama ya penseli ukutani, pima toka alama mpaka sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Mimi nilipata 82, ikawa 72.4, hizo ni sentimita toka katikati ya pale krenki, ule mkono unaobeba pedeli, inapoingia kwenye fremu mpaka juu ya kiti. Hii hesabu inajulikana kwa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986, 1989 na 1990. Njia nyingine haitaki hata hesabu, unaweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa na goti liwe limenyooka, ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki na mkunjo kidogo. Kuna na ile ya timazi, ya kupanga kiti kiende mbele ama nyuma, hii mafundi wetu wa nyumba wataipenda, unalaza pedeli zikae sawa mbele na nyuma, unateremsha uzi wenye uzito toka chini ya pia ya goti la mbele, uangukie kwenye ekseli ya pedeli.

Zote ni za kuanzia. Hazijui kama unyayo wako ni mrefu, kama mguu mmoja ni mfupi, kama uliwahi kuanguka mnazini ukavunja nyonga. Hesabu ya 0.883 inatoa jibu moja kwa kijana wa miaka 20 anayegusa vidole vya miguu bila kukunja magoti na kwa mzee wa 60 ambaye asubuhi kuvaa soksi ni safari. Hapo ndo fita anapoanzia.

Na ndo tunafika kwenye kumchagua. Hapa naongea kwa machungu kidogo. Mara ya kwanza kufitiwa nililipia kwenye duka moja huko mjini, sitaji jina, palikuwa na leza, skrini kubwa, taa nyekundu zinawaka mgongoni mwangu najiona kama mwanaanga. Dakika ishirini nshamaliza. Hakuniuliza naumwa wapi, hakuniuliza naendesha kilomita ngapi kwa wiki, hakunishika mguu, na kabla sijashuka alishanitolea kiti kipya cha kununua. Nikakinunua! Wiki ya pili nikarudisha kile cha zamani.

Yule wa pili hakuwa na leza. Alikuwa na kipima pembe cha plastiki chenye mikono miwili, futi, timazi, na simu ya kurekodi video kwa ubavu na kwa mbele. Lakini kama dakika arubaini za mwanzo baiskeli hakuigusa kabisa. Shikamoo, marahaba, kaa hapa. Umeanguka lini mara ya mwisho, kazi yako ya kukaa ama ya kusimama, unataka nini, mashindano ama kwenda Watamu kula samaki na kurudi? Akanilaza kwenye mkeka, akainua mguu mmoja umenyooka akaona unaishia wapi, akainua wa pili. Wa kulia ukakwama mapema. "Ami," akaniambia, na mimi sijazeeka hivyo, "huu mguu wako wa kulia ni mgumu, kiti nitakipanga kwa ajili yake, wa kushoto utavumilia." Halafu ndo nikapanda. Akapima pembe ya goti pedeli ikiwa chini, nikiwa nimetulia, wengi wanataka iwe baina ya digrii 25 na 35, mimi akaniacha karibu na 35 kwa sababu ya ule mguu. Akaniambia nipige pedeli mpaka nitoke jasho, manake mwanzo kila mtu anakaa kwa adabu, ukichoka ndo unakaa kama wewe. Masaa mawili na nusu.

Vyombo sivipingi. Mfumo kama Retul, ambao Specialized, kampuni ya baiskeli, waliununua 2012, unaona viungo vikitembea kwa namna ambayo jicho haliwezi, na fita mzuri akiwa nacho ni bora zaidi. Lakini chombo kinasema goti liko digrii ngapi, hakisemi liwe ngapi kwa wewe. Vyeti navyo vipo, kuna taasisi ya kimataifa inaitwa IBFI inayowatambua mafita kwa ngazi, muulize alisomea wapi, si matusi. Muulize pia wangapi aliowafiti ni watu wa kawaida kama wewe na si wanariadha tu.

Halafu swali ambalo kwangu ndo kubwa: nikirudi baada ya wiki tatu naumwa, utanitazama tena, na ni bei ngapi? Mwili unachukua muda kuzoea, na kinachoonekana sawa chumbani barabarani kinaweza kukataa. Fita anayesema "haitahitajika" mimi namuogopa. Eddy Merckx mwenyewe, Mbelgiji aliyeshinda Tour mara tano, alianguka vibaya Blois, Ufaransa, mwaka 1969, nyonga ikaharibika, na baada ya hapo alikuwa anarekebisha kiti chake kila mara, hata katikati ya mashindano. Mwili wake ulikuwa umebadilika, namba za zamani hazikuwa zake tena. Ukiongeza kilo kumi, ukijifungua, ukitoka hospitali, namba zako nazo zimekufa.

Pia akubali kukupa habari mbaya. Ikiwa fremu si yako, kubwa mno, hakuna kufiti kutakakoiokoa, atafupisha stemu, atasogeza kiti mbele mpaka mwisho, na utapata baiskeli inayoonekana sawa kwenye picha tu, usukani unayumba na goti linalia. Wa kweli atakwambia uza hii tafuta ndogo, na hapo anakosa pesa ya vipuri. Huyo mshike.

Usiondoke bila namba zako zimeandikwa: kimo cha kiti, kiti kiko nyuma kiasi gani toka pale krenki inapoingia kwenye fremu, umbali toka pua ya kiti mpaka usukani, tofauti ya kimo ya kiti na usukani. Piga picha kwenye simu. Nenda na viatu vyako na ile kaptula yako ya baiskeli, usiende na jinzi.

Na sisi tunaosafiri na baiskeli kwenye buti ya basi, bomba la kiti lazima litoke ndo ienee. Kabla hujalilegeza zungushia selotepu ya umeme pale linapoingilia kwenye fremu, ukifika unalirudisha mpaka kwenye tepu. Binamu hakuzungushia, akarudi toka kufitiwa, akakisia kwa macho, akakosea kama vidole viwili. Akataka kurekebisha baada ya miezi miwili, bomba likakataa kutoka, chumvi ya bahari ishalishika ndani kwa ndani. Tulimpelekea ami wa baiskeli pale mtaani, akalimiminia mafuta, akaliacha siku mbili, siku ya tatu likatoka na unga mweupe mwingi. Saa hizi anapaka grisi kila mwezi, na tepu yake ni nyekundu, unaiona toka mbali.