Figo mpya si kifungo cha ndani

Barazani Ngamiani, Tanga, kahawa ikimiminwa utasikia: “Aliyepandikizwa figo hatoki tena. Chafya moja tu, kwisha!” Si kweli. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo humezwa kila siku, na ndizo zinazopunguza kinga. Dozi huwa kubwa miezi ya mwanzo, takriban 3 hadi 6. Hapo ndipo misongamano huepukwa. Baadaye daktari huishusha, na mtu arusini anakwenda, msikitini anakwenda, kazini pia. Mwenye mafua ndiye akae mbali, jamani. Kwenye chakula cha aliyepandikizwa, pweza aive sawasawa. Balungi asiguse kabisa, maana hupandisha kwenye damu kiwango cha baadhi ya dawa hizo za kila siku, kama takrolimasi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upandikizaji huu 2017, lakini bado kuna wanaoogopa hata kumpa aliyepandikizwa mkono! Mpeni, ila nawaeni kwanza.