Tasa si witiri

Juzi baada ya isha, barazani hapa Ujiji, kijana mmoja alitusomea kutoka kwenye simu habari ya "namba tasa kubwa kuliko zote", yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Mwenzake akamkata kauli: "Tasa si ndiyo ile isiyogawanyika kwa mbili?" Wazee wakaitikia. Nikamwomba muuza kahawa vikombe vyake.

Isiyogawanyika kwa mbili ni witiri. Tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Panga vikombe 9: safu tatu za vitatu, vimekaa. Tisa ni witiri lakini si tasa. Ondoa viwili, vibaki 7, kisha panga utakavyo: ukiacha kuviweka foleni moja, hupati safu zinazolingana. Hiyo ndiyo tasa.

Kinachoniudhi ni kwamba Ujiji witiri watu wanaiswali kila usiku. Imeitwa hivyo kwa kuwa rakaa zake haziishii kwenye jozi: moja, tatu, tano. Neno ni la Kiarabu, kama mwenziwe shufwa, yaani jozi. Shina la shufwa ndilo lililotupa shufaa, maana anayekuombea shufaa huja kusimama nawe, mkawa wawili. Tasa halikupita njia hiyo. Waarabu wenyewe namba hizi huziita "za kwanza", na Wagiriki wa kale vilevile. Sisi tukachukua neno la mwanamke asiyezaa, na mbuzi asiyezaa. Kusema kweli silipendi. Tasa zikizidishwa ndipo zinapopatikana namba nyingine zote kuanzia 4: 9 ni 3 mara 3, 1,000,001 ni 101 mara 9,901. Tasa gani huyo mwenye wajukuu wote hao? Lakini limeshaingia vitabuni, tutafanyaje.

Sasa ile ya simuni, iliyotangazwa Oktoba 2024. Chukua mbili 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Kwamba ni witiri, mtoto wa shule ya msingi atakwambia bila kushika kalamu: mbili kwa mbili huzaa shufwa, ukitoa moja jozi imevunjika. Kwamba ni tasa, hapo zilihitajika kompyuta, kwa sababu njia hiyo hudanganya. Fanya hivyo kwa mbili 11 tu, unapata 2,047, nayo ni 23 mara 89. Wala si "kubwa kuliko zote". Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba tasa hazina mwisho. Hii ni kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka ilipotangazwa.

Kijana akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mzee, kila tasa ni witiri, ila si kila witiri ni tasa?"

Umekaribia, mwanangu. Nikamsogezea vikombe viwili. Hii ni shufwa, na ni tasa. Hii peke yake.