Herufi kubwa si alama ya heshima
Wengi huamini kwamba Uislamu na Ukristo huanza kwa herufi kubwa kwa sababu dini ni ya kuheshimiwa, na ubepari huachiwa ndogo kwa kuwa ni siasa tu. Sivyo. Herufi kubwa huonyesha jina maalumu. Wafaransa huandika islam na christianisme kwa herufi ndogo bila kumdharau yeyote. Katika Kiswahili, Ukristo umetokana na jina Kristo, na herufi kubwa huhamia kwenye kiambishi: Mkristo, Wakristo.

Penye utata hasa ni ujamaa. Kama itikadi, herufi ndogo inatosha, hata katika “vijiji vya ujamaa”. Azimio la Arusha la 1967 ni jina la waraka mmoja, hivyo kubwa ni lazima. Anayeandika Ujamaa akimaanisha sera ya Nyerere pekee namwelewa, mradi asibadilike katikati ya ukurasa.