Moto usioonekana: jiko la shangazi na visahani vya nyota changa

Mwishoni mwa Novemba stima ilipotea Malindi mzima, saa moja unusu usiku, nami niko Shela kwa shangazi nikingoja mkate wa sinia. Alikuwa ameupalia makaa juu ya kifuniko. Giza totoro. Nikatazama jiko, sikuona hata doa jekundu, nikamwambia, "Shangazi, moto umekufa."

Hakujibu. Alinishika mkono akausogeza juu ya kifuniko. Niliurudisha mbio.

"Kusoma kote huko, mwanangu, na bado wautafuta moto kwa macho!"

Alinipata, maana kazi yangu ni kutoutafuta kwa macho. Nachambua data za darubini za infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa jicho, na ninachofuatilia ni vumbi na gesi zinazozunguka nyota changa zikiwa zimelala bapa kama sinia. Sisi twaziita diski. Humo ndimo sayari zinamofinyangwa.

Kila kitu chenye joto hutoa mwanga, na kadiri kinavyopoa ndivyo mawimbi yake yanavyorefuka. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 2898 kwa joto la kitu hicho katika Kelvini (nyuzi za Selsiasi jumlisha 273), utapata urefu wa wimbi linalong'aa zaidi, kwa mikroni (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Nyota ya Kelvini 4000 huangukia mikroni 0.7, ukingoni mwa wekundu ambao jicho laweza kuuona. Vumbi lililoisogelea nyota hadi likafika Kelvini 1500 huangukia karibu mikroni 2. Vumbi la Kelvini 300 huangukia kama mikroni 10. Na kiganja changu kile kilichoungua? Mikroni 9 na kitu. Yaani kiganja na vumbi vinang'aa kwa rangi moja, nayo ni rangi isiyoonwa na jicho lolote la binadamu.

Raha hiyo ina karaha yake. Ikiwa kiganja kinang'aa, basi kioo cha darubini nacho kinang'aa, paa lake linang'aa, hata hewa iliyo juu yake. Ni kutafuta kimulimuli ukiwa ndani ya tanuri. Tena mvuke wa maji hewani humeza sehemu kubwa ya infraredi, kwa hiyo pwani yetu yenye unyevu haifai kabisa. Ndiyo sababu darubini ya VLT ikajengwa Paranal, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 2635 juu ya usawa wa bahari. Darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ilipelekwa mbali zaidi: kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kinga ya jua ya matabaka matano, na chombo chake cha infraredi, MIRI, hupozwa hadi chini ya Kelvini 7.

(Kila nikitaja kazi hii mjini, mtu huniuliza kama nafanya Ngomeni, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano. Hapana. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa huko kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, ilipima eksirei. Huo ni ulimwengu wa vitu vya moto mkali mno. Mimi nashughulika na uvuguvugu.)

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Chora grafu ya mng'ao wa nyota kwa kila urefu wa wimbi. Nyota iliyo uchi hushuka kama mtelemko unapoelekea mawimbi marefu. Yenye diski haishuki hivyo: vumbi huiongezea mwanga. Lakini ziko nyota ambazo hushuka kana kwamba ziko uchi, halafu zikivuka mikroni 10 au 20, ghafla zinapanda. Maana yake ni nini? Vumbi la moto halipo, la baridi lipo. Sinia limetobolewa katikati.

Nani kalitoboa? Pengine sayari inayokula njia yake. Pengine mwanga mkali wa nyota yenyewe umeipeperusha gesi ya ndani. Grafu peke yake haikwambii, na mimi nilipoanza niliona sayari katika kila tundu. Siku hizi nataka kuiona yenyewe. Kwa PDS 70, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 370 hivi na yenye umri wa kama miaka milioni 5, tuliiona: mwaka 2018 kifaa cha SPHERE cha VLT kiliipiga picha sayari changa ndani ya uwazi wa diski, na mwaka 2019 ikatangazwa ya pili. Mwaka 2023 MIRI ikaonyesha mvuke wa maji kwenye kidiski cha ndani, karibu na nyota, mahali ambapo kwenye mfumo wetu wa jua ndiko ziliko sayari za mawe.

Mimi hasa hupenda nundu ya grafu kwenye mikroni 10. Ni alama ya silikati, jamaa ya mawe. Punje zikiwa laini, nundu hiyo huwa kali na yenye ncha. Zikianza kugandana na kukua, hubapa. Zikipikwa hadi kuwa fuwele, huota vichwa vidogo vidogo. Unamtazama mpishi akiusonga unga, hata kama chungu chenyewe hukioni.

Tulipokuwa tunangoja mkate upoe tulitoka nje. Kilimia kilikuwa kimeshapanda juu ya bahari. Nikamwambia shangazi kwamba nyota zile zina kama miaka milioni 100, diski zao zilikwisha zamani. Nikamwonyesha nyota nyekundu inayokifuata, Aldebaran: kando yake, upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono, iko HL Tauri, ambayo umri wake hauzidi sana miaka milioni 1. Mwaka 2014 darubini ya ALMA ilizipiga picha pete za diski yake, kwa mawimbi marefu kuliko haya yangu, ya karibu milimita 1.

"Sioni kitu hapo," akasema.

"Hata mimi."

Akainua kiganja kuelekea kule, kama anayepima jiko, kisha akaniambia nikalete kisu.